Theluji ya Stima

Kwenye friza yangu hapa Missouri City, chini ya samaki na pakiti za sambusa, kuna mifuko kumi na moja ya theluji.

Sio barafu ya kutengeneza. Ni theluji iliyoanguka kutoka juu, nikaizoa kwa mikono yangu, nikaifunga fundo kwenye vile vimfuko virefu vya nailoni vya kuuzia barafu za ukwaju.

Mke wangu Tasnim ameshaacha kuniuliza nitaitupa lini. Mgeni akifungua friza kutafuta barafu ya juisi, mimi huruka kabla hajagusa.

Leo nawaambia kwa nini iko pale. Najua kuna watakaonitukana hapo chini. Tukaneni tu, mimi nimeshajitukana kuwashinda.

Naitwa Hudhaifa, mzaliwa wa Majengo, Mombasa. Huu ni mwaka wa kumi niko Texas, na kazi yangu ni kupeleka vifurushi na gari Houston nzima.

Kwa hivyo mimi ni dereva. Likumbukeni hilo neno, maana ndilo lililoniponza.

Mama yangu, Bi Mwatime, alitulea kwa barafu. Barafu za ukwaju, za mabuyu, za maziwa na iliki. Miaka thelathini na moja aliziuza dirishani kwake, watoto wa mtaa mzima wakimjua kwa jina la Mama Barafu.

Friza lake lilikuwa chumbani, kando ya kitanda. Usiku likinguruma, ndio yeye analala. Likinyamaza tu, anaamka: "Stima imepotea." Sisi tumelala fofofo, yeye ashawasha koroboi anafunika barafu zake na magunia.

Lile friza aliliskiza kama mtu anavyoskiza pumzi ya mtoto mgonjwa.

Mwaka 2024 daktari wa macho akamwambia ana presha ya macho, na imeshakula sana. Akimaliza mwaka anaona, ashukuru Mungu.

Nikamfanyia mpango, visa ikatoka, mwezi wa kumi akaja kututembelea. Tiketi yake ya kurudi ilikuwa ya tarehe ishirini Februari.

Pale airport hata salamu hazijaisha, akanishika mkono.

"Hudhaifa, mimi sitaki maduka wala sitaki majumba marefu. Nataka kitu kimoja."

"Sema, mama."

"Nataka kuona theluji. Barafu ya Mungu mwenyewe, haina stima, haina bili. Nimeuza ya kwangu maisha yangu yote, nataka kuiona ya kwake kabla hii taa haijazima." Akagusa jicho lake la kulia. La kushoto lilikuwa limeshaanza ukungu.

Mimi nikacheka. "Hilo tu? Mimi si dereva?"

Jioni ile ile nikamuwekea video kwenye TV. Milima ya New Mexico, Ruidoso na Red River, halafu Colorado, vijiji vilivyofunikwa nyeupe mpaka kwenye mabati. Mama akavuta kiti karibu na TV kabisa, pua inakaribia kugusa kioo.

"Hapa," akasema. "Nipeleke hapa. Paitwaje?"

"Colorado, mama."

"Kolorado." Akalirudia mara tatu ili asilisahau.

Tasnim akamnunulia buti, soksi nzito na glavu. Zile glavu mama alilala nazo kando ya mto. Kila asubuhi nikienda kazini, swali lilikuwa moja.

"Ni leo, mwanangu?"

"Wiki ijayo, mama."

Sasa hapa niwaambie kitu ambacho hata Tasnim alikuwa hakijui.

Mimi naogopa barabara yenye barafu.

Februari 2021, ile baridi iliyozima stima Texas nzima, mimi nilikuwa kazini. Juu ya daraja gari iliteleza, ikazunguka mara mbili, mimi nimeshika usukani kama picha tu, haunisikii. Nikagonga ukuta. Nilitoka mzima, lakini nilikaa mle ndani nusu saa siwezi kufungua mlango. Nyumbani nikasema gari imekwaruzwa na mtu.

Toka siku hiyo, wakitangaza barafu tu, najitia mgonjwa.

Sasa nimpandishe mama mlima wa Colorado kwenye theluji mimi nikiendesha? Nilikuwa nikiota ile gari inazunguka, yeye amekaa kando yangu na glavu zake.

Tasnim aliniambia, "Si mpande ndege mpaka Denver? Mtu wa hoteli awapandishe mlimani na basi lao."

Nikamkata. "Mimi dereva mzima nimpeleke mama yangu na basi la watu?"

Kiburi, jamani. Ningesema neno moja tu, naogopa, mambo yangeisha pale pale.

Disemba ikafika. Nilipeleka mzigo Fort Worth, nikapitia Haltom City kumsalimu Vital. Vital ni Mkongomani wa Bukavu, tulifanya kazi ghala moja nilipoingia nchi hii. Nikamwambia habari ya mama na theluji. Habari ya uoga sikumwambia.

"Grand frère, kaka mkubwa, unajisumbua ya nini?" akasema. "Pale Grapevine iko nyumba ya barafu, mu hoteli kubwa. Banakuvalisha koti, unaingia, baridi ya kufa. Batoto yangu balilia."

Alikuwa ananionyesha mahali pa kutembeza watoto. Mimi kichwani nikaona njia ya kutokea.

Kila Disemba ile hoteli huweka ukumbi mzima wa barafu. Milango ya barafu, sanamu za barafu, mpaka mteremko wa kutelezea. Na mama hasomi Kiingereza. Na macho yake, taa za rangi zikiwaka, huona vivuli tu.

Nikawaza, atajuaje?

Lakini Grapevine ni saa nne na nusu tu kutoka kwangu, na mama alishawauliza watu, akaambiwa Colorado ni mwendo wa siku nzima. Basi mimi nikaamua kumpa mwendo wa siku nzima.

Tulitoka baada ya Alfajiri. Nikapanda kaskazini mpaka Fort Worth, karibu kabisa na Grapevine, nikapita. Nikashika barabara ya magharibi mpaka Abilene, sina shughuli yoyote kule. Tukala, tukasali Adhuhuri, nikajidai gari inapumzika. Tukasali na Alasiri. Kisha nikageuza, nikarudi kule kule tulikotoka.

Nilimpeleka mama yangu mwenyewe huku na huku kama mwizi anayepoteza askari.

Njiani alikuwa na furaha, ananisomea dua, ananimenyea machungwa. Mara moja tu aliuliza.

"Hudhaifa, huu mlima hatujaanza kuupanda?"

"Tunapanda pole pole, mama. Huhisi tu."

"Aha," akasema, akaendelea kumenya chungwa.

Tuliingia Grapevine Magharibi, giza ndio linashika. Nika-park nyuma, mbali na mlango wenye mataa. Nikamwambia ile hoteli ni ya watalii na theluji iko uani.

Wakatuvalisha makoti ya bluu mpaka magotini. Mlango ukafunguka, baridi ikatupiga usoni. Mama akasimama.

"Subhanallah," akasema pole pole.

Nikamshika mkono tukaingia. Kuta za barafu pande zote, ndani yake taa nyekundu, kijani, zambarau. Watoto wanateleza, muziki unalia.

"Mbona kuna muziki?"

"Watalii, mama. Hawa hawawezi kukaa kimya."

"Na juu kumefunikwa?"

"Ni hema. Mlimani upepo mkali."

Mama akavua glavu moja. Akaupapasa ule ukuta kwa kiganja, taratibu, kama anavyopapasa kitambaa dukani. Akauinamia, akaweka sikio.

Akakaa hivyo muda. Nyuma yetu watu wakaanza kupanga foleni.

"Inanguruma," akasema.

Nikamjibu upesi, "Ni upepo, mama. Upepo wa mlimani."

Akatoa sikio. Akanitazama, au alitazama pale aliposikia sauti yangu. Akatabasamu, akanipapasa shavu na kile kiganja kilichoganda.

"Ahsante, mwanangu. Sasa nimeona."

Mimi nikampiga picha.

Tulilala kwa Vital. Nilikuwa nimeshampigia simu nikamwambia asimtajie mama jina la mji. Vital akanivuta jikoni.

"Hudhaifa, hii kitu hapana nzuri. Ule ni mama."

Nikamwambia, "Amefurahi. Wewe hukumuona."

Tuliporudi Missouri City, Tasnim aliona picha, akajua mara moja. Hakunipigia kelele. Aliniuliza tu, "Umemdanganya mama mwenye macho mabovu?" Kisha akasema, "Mwambie leo. Ukingoja, litakuwa kubwa."

Sikumwambia.

Na mama sasa ndio akaanza kunisifu. Kwenye simu na dada yangu Rukia, kwenye simu na majirani wa Majengo, kwa wanawake wa msikitini hapa: "Hudhaifa kanipeleka Kolorado. Kaendesha siku nzima, mtoto wa watu. Theluji nimeigusa na hiki kiganja."

Kila sifa ilikuwa inanichoma. Nikawa nachelewa kurudi nyumbani. Nikirudi nakula chumbani. Nilikuwa siwezi kukaa na mama yangu sebule moja, na nyumba ni yangu.

Mwanzo wa Januari nikafanya jambo la pili, na hili ndilo silali nalo.

Nikabadilisha tiketi yake. Nikamwambia kliniki ya macho Mombasa imempangia siku, lazima awahi. Badala ya tarehe ishirini Februari, atasafiri Ijumaa, tarehe kumi na saba Januari.

Mama akauliza, "Kliniki ndio imesema?"

"Ndio, mama."

"Basi sawa." Akaenda kupanga nguo. Glavu akazikunja, akazirudisha kwenye mfuko wake wa dukani, akampa Tasnim. "Hizi za wageni wengine."

Nyinyi mnaotoka pwani mnajua, mtu akisafiri lazima kuombana radhi. Huondoki na kinyongo, huwezi kujua kama mtaonana tena. Pale airport mama akanishika mikono yote miwili.

"Hudhaifa, niwie radhi."

"Nishakuwia, mama. Na wewe niwie."

"Nishakuwia," akasema. "Ninalolijua, na unalodhani silijui."

Mimi nikaona ni maneno ya wazee ya kuagana. Nikambusu mkono, nikamkabidhi kwa mhudumu wa kiti cha magurudumu. Wallahi nilipofika kwenye gari nilipumua kama mtu aliyetua gunia.

Siku nne baadaye, Jumanne, Tasnim akaniamsha kwa Alfajiri. "Njoo uone."

Nikafungua mlango wa mbele.

Missouri City yote ilikuwa nyeupe.

Texas, jamani. Houston, mahali ambapo Disemba tunawasha AC. Theluji ilikuwa imefunika nyasi, imefunika gari, imefunika boksi la barua, na bado ilikuwa inaanguka. Airport zimefungwa, barabara hazina hata gari moja.

Ilikuwa imekuja mpaka kwenye kizingiti changu. Mama angekuwa hapa, angetoka na leso yake ya kulalia, hatua mbili tu, ameona. Hakuna mlima wala usukani.

Nilikaa pale mlangoni na suruali ya kulalia. Nikalia mpaka Tasnim akaja kuniwekea shuka mabegani.

"Mpigie," akasema.

Kule kwao ilikuwa inaenda saa kumi jioni. Rukia akapokea video, nyumba imejaa majirani wamekuja kumuona mama aliyetoka Amerika. Akamuwekea simu usoni.

"Mama, theluji imeanguka hapa. Mlangoni kwangu."

Mama akaisogeza simu karibu, akaisogeza mbali. Nikaona anaitafuta picha haipati. Mwezi mmoja tu, na lile jicho la kulia nalo lilikuwa linazimika.

"Mashallah. Ni ile ile ya Kolorado?"

"Mama, ile ya Colorado, mimi..."

"Ile ile," akanikata. Akawageukia majirani. "Mwaona? Ndiyo niliyowaambia. Huyu ndiye aliyenipeleka. Haya, msalimieni." Kina mama wakanisalimia mmoja mmoja, wakaniombea Mungu anijaze kheri. Nikaitikia amin kila mara.

Nusu saa baadaye simu ikalia. Ni mama, sauti tu, peke yake.

"Wameondoka. Sema sasa."

Nikasema yote. Grapevine, Abilene, ile gari iliyozunguka darajani mwaka 2021, kiburi changu. Nilisema mpaka nikaishiwa.

Akaniacha nimalize. Kisha akacheka kidogo, kicheko cha puani.

"Hudhaifa. Mimi nimelala na friza miaka thelathini na moja. Wewe unaniambia ni upepo wa mlima?"

Akaendelea mwenyewe.

"Kompresa yao moja ilikuwa mbovu hata. Inakohoa. Na jua, mwanangu. Asubuhi lilikuwa kisogoni, na baada ya Alasiri, badala ya kuniingia machoni, bado liko kisogoni. Sioni vizuri, lakini joto nalihisi. Nilijua umegeuza."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuona ulivyoushika ule usukani tangu alfajiri. Nikajua huyu mtoto ana jambo lake. Nikasema ninyamaze, ataniambia mwenyewe. Nikakusifu ili uone sina neno na wewe, uje useme. Kila nikikusifu wewe wakimbilia chumbani."

Nikaziba mdomo kwa mkono.

"Ile barafu ya stima nilikusamehe pale pale, bado sikio liko ukutani," akasema. Sauti yake ikabadilika. "Lakini niulize moja. Rukia alikwenda kliniki. Kliniki haikunipangia siku. Mbona ulinirudisha? Nilikuchosha?"

Jamani.

Wiki zote zile mimi nilikuwa najua dhambi yangu ni theluji ya uongo. Kumbe yeye lile hakulibeba. Lililomkata ni kwamba mwanawe alimfungashia virago mwezi mzima kabla ya siku yake, na alipanda ile ndege anajua.

"Hukunichosha, mama. Nilikuwa siwezi kukutazama."

Nikasikia nyuma yake watoto wanaitisha barafu dirishani, na lile friza lake la zamani linanguruma.

"Bado inaanguka?" akauliza.

"Bado."

"Nielezee. Na safari hii usinidanganye."

Nikatoka nje bila viatu, nikamwelezea. Kwamba haina rangi nyingi, ni nyeupe tu. Kwamba ni nyepesi kuliko nilivyodhani, ukiikamata inakuwa maji. Kwamba kwenye waya wa stima imejipanga kama mtu ameipanga kwa kidole.

"Inanguruma?"

"Haingurumi, mama."

"Iweke simu chini niisikie."

Nikachuchumaa, nikailaza simu juu ya theluji. Nikabana pumzi. Mtaa mzima hakukuwa na sauti yoyote.

Niliiacha pale mpaka vidole vya miguu nikawa sivihisi. Nilipoiokota, mama alikuwa bado yuko.

"Kimya kabisa," akasema. "Basi hiyo ndiyo yenyewe."

Siku ile ndiyo niliyojaza ile mifuko. Vimfuko alikuwa amemletea Tasnim yeye mwenyewe kutoka Mombasa, tuwatengenezee watoto wa hapa mtaani barafu. Nilisema nitamuwekea mpaka aje tena.

Hatakuja tena. Mwezi wa sita macho yote mawili yalizima, na safari ndefu hawezi. Nilikwenda mimi, nikakaa naye wiki tatu sebule moja, sikuondoka kando yake. Kila mtu akija, bado anamwambia: "Huyu ndiye aliyenipeleka Kolorado." Mimi sasa husema, "Sikumpeleka." Watu hucheka, wanadhani ninajishusha.

Wewe unayesoma hii, kama umemuahidi mzazi wako kitu na umeshindwa, mwambie umeshindwa. Kama ni uoga, sema naogopa. Yeye ndiye aliyekufuta kamasi, aibu gani uliyonayo ambayo hajaiona? Lakini usimfanye mama yako afikirie amekuchosha kwa sababu wewe huna ujasiri wa kumtazama usoni. Hilo nimeshaliombea radhi na kusamehewa, na bado liko.

Juzi nilifungua mfuko mmoja. Ile theluji nyepesi haipo. Imeshikana, imekuwa jiwe la kijivu.

Nikauweka sikioni, na nyuma yake nikasikia friza langu linanguruma.